Mkono Uliofunika Jino

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwanangu, ukungu umelala kijiji chetu cha Nyololo kizima hata ng'ombe wa jirani unasikia kengele zao tu bila kuwaona, nami nimesimama mlangoni kwa bibi yangu nimeziba mdomo kwa kiganja. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, mwanafunzi wa ualimu katika chuo cha masista kule Iringa, nimekuja nyumbani likizo. Na kiganja kile, nakuambia kweli, hakikuwa pale kwa sababu ya baridi.

Nilikuwa mtu wa haya tangu utoto. Mambo yangu nilizoea kuyaandika kuliko kuyasema, na ndiyo maana hata wewe leo nakuandikia badala ya kukuita ukae karibu nami. Kwenye karatasi sioni uso wako, naweza kusema hata yale ya aibu. Basi la kwanza la aibu ndilo hili: nilikuwa na jino bovu, na jino lile lilikuwa linanuka.

Lilikuwa nyuma tu ya chonge, upande wa kushoto, limetoboka na kuwa jeusi. Maji ya kisima sikuweza kuyanywa mpaka yakae juani kwanza. Nyama nilikuwa naichambua kwa vidole, natafuna upande mmoja kama mbuzi mzee. Usingizi wangu ulikuwa wa kuibaiba. Chuoni wenzangu wakikaa kusukana na kupiga soga, mimi nakaa mbali. Wakiimba kanisani, mimi nachezesha midomo tu. Rafiki yangu mmoja alidhani namringia, akaacha kunisubiri tukienda kuteka maji, nami sikumweleza. Jino moja, mwanangu, kitu kidogo kuliko punje ya hindi, lilikuwa limeninyang'anya maji, chakula, usingizi, wimbo na rafiki. Na kila nilipotaka kusema neno, mkono ulipanda wenyewe mdomoni.

Sasa sikia jambo la kuchekesha, ingawa wakati ule sikulicheka. Kwetu, binti aliyelelewa akikutana na mkubwa hupiga magoti, huinamisha macho, na akicheka mbele yake huziba mdomo. Basi watu waliuona mkono wangu wakauita heshima. Nikipita sokoni nasikia sifa nyuma yangu. Mama Filomena, jirani yetu, Jumapili moja tulipotoka misa alimshika binti yake sikio mbele ya watu wote.

"Mtazame mwenzako! Amesoma mpaka Iringa na bado anaziba mdomo. Wewe ukicheka tunaona mpaka chakula cha jana!"

Binti wa watu akaanza kuziba. Wa jirani yake naye akaona asipitwe. Kabla likizo haijafika katikati, ungetukuta wasichana wa Nyololo tumejipanga nje ya kanisa, viganja midomoni, kama wote tumeumwa na nyuki mmoja. Wazee wakatikisa vichwa kwa furaha, wakasema adabu imerudi. Nami niliyeileta nilikuwa nyuma ya kiganja changu nikiugulia.

Mtu mmoja tu hakuniita mwenye adabu, naye ni Sista Mkuu wa chuo. Kabla hatujafunga aliniita.

"Anjelina, ondoa mkono."

Nikaondoa, nikafunga mdomo.

"Sema a."

Nikasema puani, midomo imebanana.

"Hiyo si a, hiyo ni nyuki ndani ya chupa," akasema. Alikuwa mtu wa maneno machache, hakupenda kugombeza. "Watoto wa darasa la kwanza hujifunza irabu kwa macho kabla ya masikio. Wanamtazama mwalimu mdomo. Mwalimu asiye na mdomo atawafundisha nini? Mkirudi, mkaguzi atakuja kutazama masomo yenu ya majaribio. Ukisimama mbele yao umejiziba hivyo, nitalazimika kukurudisha nyumbani. Na sitafurahi."

Yeye alidhani ni haya zangu tu. Ningemwambia ni jino, angeniambia niende hospitali. Kwa hiyo sikumwambia.

Unaona ilivyokuwa? Ualimu niliutaka kuliko kitu chochote. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kushika chaki. Lakini nilikuwa tayari kuupoteza, nirudi kupalilia mahindi na jino langu mdomoni, kuliko kukaa kwenye kiti cha daktari. Hofu haina mizani, mwanangu. Huweka maisha yako yote upande mmoja na sindano upande wa pili, kisha ikakuambia sindano ndiyo nzito.

Hofu hiyo niliipata kwa Baba mdogo Leonsi, mdogo wa baba yangu. Nilipokuwa mdogo aliumwa jino, akapelekwa kwa mhunzi, wanaume wawili wakamshika, mhunzi akaingiza koleo. Hadithi hiyo ilisimuliwa kwetu kila palipokuwa na ugimbi. Kila mwaka pombe ilipoiva, jino la Baba mdogo lilikua. Mara mizizi yake ilifika kidevuni. Mara wanaume waliomshika wakawa wanne, mara yeye akawarusha wote juu ya ua. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mimi mtoto, nimekaa na bakuli langu la togwa, sikucheka. Nilikuwa nahesabu meno yangu kwa ulimi.

Basi asubuhi ile ya ukungu bibi alinisikia mlangoni.

"Kamwene, mke mwenzangu," akanisalimu kwa lugha ya kwetu. Mke mwenzangu ndivyo alivyokuwa akinitania, maana babu enzi za uhai wake alikuwa ananiita mke wake mdogo.

"Kamwene, bibi."

"Ingia. Kaa. Kula."

Akanisogezea bakuli la mahindi makavu ya kukaanga, yale magumu yanayolia mdomoni kama changarawe.

"Nimeshiba, bibi."

"Umeshiba nini, ukungu? Kula."

Nikatia punje moja, nikaipeleka upande wangu mzima. Bibi macho yake hayakuwa na nguvu tena, lakini masikio yalikuwa yake yote.

"Nyingine. Ya upande wa pili."

"Bibi..."

"Ya upande wa pili, nimesema."

Niliuma kwa upande wa pili, mwanangu, na mkono ukaruka mdomoni kabla hata machozi hayajatoka. Bibi akaushika kifundoni, akauteremsha taratibu, akauweka juu ya goti langu.

"Heshima hukaa magotini na machoni," akasema. "Siku zote hizi wanakusifia mkono, mimi nakusikiliza unavyotafuna. Binti mwenye adabu huziba mdomo akicheka. Wewe unaziba ukiomba chumvi. Fungua."

Nikafungua. Akainama, akanusa.

"Aka! Humu kuna panya amekufa."

Nikaangua kilio. Bibi hakunibembeleza wala hakunikemea, alisubiri tu.

"Lia," akasema, "lakini lia mdomo wazi, nao upate hewa. Nini kinakuzuia kwenda kuling'oa?"

"Naogopa. Nitakuwa kama Baba mdogo."

"Ulimwona aking'olewa?"

"Nilisikia."

"Nauliza uliona?"

"Nilijificha nyuma ya ghala la mhunzi, bibi, nikasikia kelele tu."

"Basi unaogopa ghala."

Mimi kwa usomi wangu nikajitetea kwa methali. Nikamwambia, kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Kunguru anakimbia hatari, anaiacha nyuma. Wewe unakimbia nayo mdomoni. Utaifikisha wapi? Mficha maradhi kifo humuumbua, na hao wasichana unaowafundisha kujiziba, kesho mmoja wao akiwa na donda ndani, nani atajua?"

Neno hilo la mwisho liliniingia, ingawa siku ile sikujua limeingia kiasi gani.

Kisha akamwita Baba mdogo kutoka zizini. Akaja na fimbo yake, buti zimejaa tope, akasimuliwa. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akavuta mdomo wake pembeni kwa kidole, akanionyesha pengo.

"Iliuma," akasema. "Sikudanganyi, mnyalukolo, ndugu yangu. Tena yule alikuwa mhunzi, hana ganzi, ana koleo la kushikia jembe. Iliuma, nikapiga kelele, ikaisha. Jioni nikala ugali. Mimi nilivutwa jino mara moja tu. Hao wanaosimulia ndio wanaolivuta mpaka leo."

Bibi akagonga goti kwa kiganja. "Umesikia? Sasa mwambie utampeleka lini."

"Akisema yeye," Baba mdogo akajibu. "Ng'ombe humpeleki mtoni kwa kumvuta mkia."

Wote wawili wakanitazama. Ukungu nje ulikuwa umeanza kufunguka. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini mkono haukupanda: "Basi la kesho."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kesho yake tukapanda basi lililotoka Mbeya, limejaa watu na magunia ya mchele wa Chimala, tukakaa juu ya magunia hayo mpaka Iringa, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Njia nzima Baba mdogo alinieleza habari za ng'ombe wake mmoja mkorofi. Sikumsikiliza, lakini nilimshukuru.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha meno. Mbele yetu alikuwa mzee aliyejifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, kama mzigo unaosafirishwa. Akaitwa, akaingia. Mimi nikangoja kelele. Nilijiandaa kwa kelele zile za nyuma ya ghala. Hazikuja. Mlango ukafunguka, mzee akatoka na pamba mdomoni, akamwinamia kila mtu kwa adabu, akaenda zake. Ungedhani hilo lilinipa moyo. Wapi! Nikajiambia, huyu amepigwa na butwaa, hawezi hata kulia.

Jina langu likaitwa. Nikainuka. Na miguu yangu, mwanangu, badala ya kwenda mlangoni ikageuka kwenda getini. Baba mdogo hakunishika. Nilimsikia tu nyuma yangu akisema polepole, "Nipo hapa hapa benchini."

Getini alikuwapo mama mmoja anauza karanga za kuchemsha, ana mtoto wa kike wa kutambaa amekaa kwenye kanga pembeni yake. Mama akanisalimu, "Kamwene, dada." Nikapiga goti kidogo, nikaitika, na mkono ukapanda mdomoni kama kawaida yake. Yule mtoto akanitazama. Akauinua mkono wake, umejaa maganda ya karanga, akauweka juu ya mdomo wake. Akanitazama tena kuona kama amepatia.

Mama yake akafurahi. "Tazama! Amejifunza adabu kwako!"

Sijui kama nitaweza kukueleza nilivyojisikia. Hapo ndipo maneno ya bibi yalipofika mahali pake. Niliwaona wasichana wa Nyololo nje ya kanisa. Niliona darasa zima la watoto wadogo, nimesimama mbele yao nimejiziba, nao wamejiziba, tunasoma irabu puani. Sista alisema wanamtazama mwalimu mdomo. Basi watanitazama, na watafuata. Nikachuchumaa, nikauondoa ule mkono mdogo mdomoni mwa mtoto, kisha nikaondoa wangu. Nikamwambia, mdomo wazi kabisa, harufu na yote, "Usiige hii." Nikageuka, nikarudi. Nilipita benchini bila kumtazama Baba mdogo, maana ningemtazama ningekaa.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mpole wa mikono, Kiswahili chake cha pwani. Alilitazama jino akaguna.

"Hili lilitakiwa kuja kwangu mapema, tukaliziba likabaki. Sasa limeoza mpaka chini. Unaogopa?"

"Ndiyo," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mgeni.

"Vizuri umesema. Mwenye kuniambia anaogopa ninakwenda naye polepole. Huo mkono naona umeuzoesha kukaa mdomoni. Leo tuupe kazi nyingine. Ukiumia, uinue juu, nami nitasimama hapo hapo. Si baadaye, hapo hapo."

Akachoma sindano ya ganzi. Iliuma, sitakuficha, kama siafu mkubwa. Kisha shavu likawa zito, likawa kama la mtu mwingine. Alipoanza kutikisa jino nikainua mkono. Akasimama. Kweli akasimama! Akaniuliza, "Ni maumivu au ni hofu?" Nikafikiri. Ilikuwa hofu. Nikaushusha mwenyewe. Nikauinua tena alipovuta, akasimama tena. Mara ya tatu sikuuinua. Nilisikia mlio ndani ya kichwa, kama mtu anavunja bua la muhindi shamba la pili, kisha kitu kikalia tii kwenye bakuli la bati.

"Basi," akasema daktari.

Nikauliza, "Basi nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na vita vilikuwa vimeisha.

Nje Baba mdogo alilitazama lile jino langu kwenye karatasi, akalitazama paa la hospitali. "Tulirushe juu, kama la mtoto? Labda utaota jingine."

Nilicheka, pamba mdomoni, mate na damu kidogo, mdomo wazi, mbele ya watu wote wa benchi. Sikukumbuka kujiziba mpaka tulipofika getini.

Lakini usidhani nilitoka hapo mtu mpya. Jino liling'oka siku moja, mkono ulichukua muda wake. Hakukuwa na cha kuficha tena isipokuwa pengo, na bado ulipanda. Mazoea yana taabu, na jino la pembe si dawa ya pengo. Nilikuwa najikuta nimejiziba nikisali peke yangu! Hapo nauteremsha. Unapanda, nauteremsha. Nikampelekea bibi mahindi ya kukaanga, tukala pamoja pande zote mbili, na kila mkono ulipoondoka gotini alinigonga kwa kijiko cha mti.

Jumapili baada ya misa nilimfuata pia Mama Filomena na binti yake. Nikawaambia mbele ya wenzao, bila kuzunguka, kwamba haikuwa adabu, lilikuwa jino. Mama Filomena akamgeukia binti yake. "Na wewe je? Fungua hapa nione." Nje ya kanisa siku ile kulikuwa na vinywa vingi wazi.

Tuliporudi chuoni, mkaguzi akaja. Nikasimama mbele ya darasa la kwanza, chaki katika mkono ule ule, ili uwe na cha kushika. Sista Mkuu amekaa nyuma, mikono ndani ya mikono ya vazi lake. Nikaandika ubaoni, nikawageukia watoto, nikafungua mdomo mpaka mwisho.

"Aaa."

Wote wananitazama mdomo, kama Sista alivyosema. Kisha binti mmoja mdogo wa mbele akasimama, akanyoosha kidole, sauti yake ikajaa chumba.

"Mwalimu ana pengo kama mimi!"

Akafungua wake kuonyesha. Wa pembeni naye akafungua. Wale ni watoto wa darasa la kwanza, mwanangu, meno ya mbele hakuna, darasa zima lilikuwa mapengo matupu. Mkono wangu ulipanda. Nilihisi unapanda, ukafika kidevuni, na chaki ndani yake. Nikautazama ule mdomo mdogo uliofunguliwa kwa furaha mbele yangu. Nikautuma mkono ubaoni.

"Ndiyo, ninalo," nikasema. "Haya, wenye mapengo wote, pamoja nami. Aaa!"

Walipiga a ile mpaka kuku wakakimbia uwanjani. Mkaguzi aliandika mambo yake. Sista alipotoka alipita karibu nami akajigusa shavu la kushoto, akatikisa kichwa, kama anayesema, kumbe ni hilo, na hukuniambia. Nikawa mwalimu, na mwalimu nikabaki mpaka nywele zikawa nyeupe.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Nimekuona unavyokunywa chai ikiwa imepoa. Nimekuona unavyocheka na midomo imefungwa, unavyokataa kupigwa picha, unavyosema umeshiba. Wengine wanakuita mtulivu. Mimi sikuiti hivyo. Hofu si dhambi, nami siwezi kukucheka, nimekaa humo. Lakini usiiache ikavaa nguo za heshima, wala za upole, wala za shughuli nyingi, ukapewa sifa kwa kitu kinachokutafuna. Mtafute mmoja wa kumwambia, kabla jino halijawa la kung'olewa. Ukifika kwa daktari, sema kwanza kwamba unaogopa. Asiyejua kwamba una hofu atakwendaje nawe polepole? Ukigeuka ukafika getini, si kitu, mimi nilifika. Rudi tu. Na hadithi za meno ya watu wengine, waachie wanywaji wa ugimbi wazivute wao. Kinywa ni jumba la maneno, mwanangu. Usikae nje ya nyumba yako mwenyewe kwa sababu ya nguzo moja iliyooza.

Nenda, nami nitakaa benchini kama Baba mdogo alivyonikalia. Mungu akupe mkono wa kuinua unapoumia, na mtu wa kusimama unapouinua. Akujalie ule mahindi makavu ukiwa na mvi, ucheke mpaka wajukuu wako wahesabu meno yako na mapengo yako, na asiwepo hata mmoja wao atakayejifunza kwako kujificha.